Salamu ya "HI" kwa Juno
Kuhusu swali la kwa nini herufi mbili tu za Morse (msimbo wa nukta na vistari), H na I, zilichukua takriban dakika 10 pamoja na mapumziko yake: kifaa cha Waves, kilichomo katika Juno, chombo cha anga cha NASA, na kilichopokea salamu hiyo chombo hicho kilipopita karibu na Dunia tarehe 9 Oktoba 2013, si redio ya mazungumzo bali ni kipimo cha mawimbi ya redio na plazima kilichoundwa kwa ajili ya sayari ya Mshtarii, hivyo nukta za kasi ya kawaida zingekipita hivi hivi. Kila nukta ilirefushwa hadi sekunde 30, na waendeshaji wa redio za ridhaa wa mabara yote, hata Antaktika, wakairusha salamu kwa pamoja katika bendi ya mita 10 (masafa ya redio yenye mawimbi ya urefu wa takriban mita 10). Mmoja peke yake, nadhani, asingefua dafu.