Ukitaka kufundisha sikukuu za Walawi 23, anzia Vibanda

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa dada mmoja anayefundisha vijana kanisani kwao, huko Kanda ya Ziwa. "Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Nimepewa vipindi vya mwezi mzima, nikachagua sikukuu za Mambo ya Walawi 23. Nimeandaa chati ya sikukuu zote saba lakini vijana wanasinzia. Halafu kuna baba mmoja amesema nawapeleka kwenye Uyahudi. Nifanyeje?"

Amina dada yangu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wanaosoma ukurasa huu wengi wana hamu kama yako: kufungua Agano la Kale mbele za watu mpaka walione kwa macho.

Chati yako naijua. Pasaka ni msalaba, Mikate Isiyotiwa Chachu ni kaburi, Malimbuko ni ufufuo, Pentekoste ni Roho Mtakatifu, halafu Baragumu, Upatanisho na Vibanda ni mambo ya kurudi kwa Bwana. Chati siyo ya uongo. Paulo mwenyewe anamwita Kristo Pasaka wetu katika 1 Wakorintho 5:7, na katika sura ya 15 anamwita limbuko lao waliolala. Ubaya wa chati ni kwamba inampa mtu jibu kabla hajauliza swali. Kijana akishajua Pasaka ni msalaba, kwa nini asisinzie?

Ndiyo maana nakwambia anza na ile ya mwisho, Vibanda, na usianzie kwenye maana yake. Anza na walichokuwa wanakifanya.

Mimi nilianza hivyo, kwenye somo la Jumapili mchana, miaka kadhaa iliyopita. Niliwaambia watu wafumbe macho waione Yerusalemu mwezi wa saba wa Kiyahudi, unaoangukia Septemba au Oktoba kwetu. Kiangazi kimekaa tangu karibu Mei. Zabibu zimevunwa, visima viko chini, kila mkulima anatazama mawingu. Kila asubuhi ya sikukuu kuhani anashuka na chombo cha dhahabu mpaka bwawa la Siloamu, anachota maji, anapanda nayo hekaluni. Akifika Lango la Maji baragumu zinapigwa. Anapanda madhabahuni, anayamimina. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi ulioandikwa kama mwaka 200 baada ya Kristo, inasema watu walikuwa wakimpigia kelele kuhani, "Inua mkono wako!" Sababu ni kwamba kuna mwaka kuhani mmoja aliyamwaga miguuni pake badala ya madhabahuni, na umati ukampiga kwa yale matunda ya jamii ya limau waliyokuwa wameyashika kwa ajili ya sikukuu. Hapo darasa zima lilicheka. Kuhani kupopolewa na malimau hekaluni! Hakuna aliyesinzia siku hiyo.

Kisha nikawasomea Yohana 7:37 bila kueleza neno. "Hata siku ya mwisho, siku ile kubwa ya sikukuu, Yesu akasimama, akapaza sauti yake akisema, Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Nikanyamaza. Mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe alisimama siku ya maji!" Yule mama hakuhitaji chati.

Usiku nao ulikuwa na mambo yake. Katika Ua wa Wanawake hekaluni ziliwashwa taa kubwa mno, tambi zake zimechanwa kutoka kwenye suruali na mikanda mikuukuu ya makuhani, na vijana wa kikuhani wakipanda ngazi na mitungi ya mafuta. Sasa soma Yohana 8:12, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu," kisha shuka mstari wa 20 uone alisemea wapi: penye sanduku la hazina, na hazina ilikuwa ndani ya ua uleule. Sura inayofuata, kipofu anatumwa kunawa wapi? Siloamu. Mwaka 2004 mafundi waliokuwa wakishughulikia bomba la maji taka Yerusalemu walikutana na ngazi za mawe za bwawa hilo. Unaweza kuwaonyesha vijana picha kwenye simu.

Niliona nimefundisha vizuri, na bado naona hivyo. Jumapili iliyofuata nilikwenda kutazama ratiba ya walimu iliyobandikwa mlangoni. Jina langu halikuwemo. Hakuna aliyeniita, hakuna kikao, hakuna barua. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyenivuta pembeni, pale tunapoegesha baiskeli, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wazee wameona unaturudisha chini ya sheria." Nikasema sawa mzee. Nilikaa benchi muda mrefu, nikimsikiliza mwingine akisoma somo kutoka kwenye kitabu cha maswali na majibu bila kuinua macho. Sitasema sikuumia. Hata leo nikipita mlango ule macho yanakwenda kwenye karatasi.

Lakini lile neno la "sheria" tuliangalie, kwa sababu yule baba wa kwenu naye analo. Wakolosai 2:16 na 17 inasema mtu asituhukumu kwa sababu ya sikukuu, mwandamo wa mwezi au sabato. Hayo ni kivuli cha mambo yajayo, bali mwili ni wa Kristo. Wengi husoma pale na kusema basi, tuache kivuli. Mimi nawauliza: kivuli kinaonyesha umbo la nani? Kufundisha sikukuu ni jambo moja, na kuwalazimisha watu kuzishika ni jambo jingine kabisa. Luka mwenyewe, akisimulia safari ya Paulo baharini, anataja majira kwa kusema siku za kufunga zimekwisha kupita (Matendo 27:9). Zile ni Siku ya Upatanisho. Mwandishi wa Injili anahesabu msimu wa dhoruba kwa kalenda ya Walawi, na wala hamwambii msomaji wake afunge.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu Malimbuko, maana hapa ndipo kanisa la leo linapopotea. Katika Walawi 23 unaletwa mganda mmoja wa mavuno ya kwanza, kwa niaba ya taifa zima, na mtu haruhusiwi kula nafaka mpya kabla haujatikiswa mbele za Bwana. Mishna inaeleza ulivyokatwa: usiku, watu wa miji ya jirani wamekusanyika, mkataji anawauliza, "Jua limetua?" Wanaitikia, "Ndiyo!" "Mundu huu?" "Ndiyo!" "Kikapu hiki?" "Ndiyo!" Kila swali mara tatu. Shayiri, mundu, kikapu. Leo kijana anaambiwa malimbuko ni mshahara wake wote wa Januari, autie kwenye bahasha, la sivyo mwaka wake utafungwa. Ndugu zangu, mganda ule ulikuwa shukrani kwa chakula ambacho Mungu ameshakiotesha. Nani aligeuza shukrani kuwa kodi? Na wale wanaotangaza sadaka ya Siku ya Upatanisho yenye kiwango, wasome Waebrania 9 mpaka mwisho, watuambie ni mbuzi yupi aliyebaki kulipiwa.

Nimepandisha sauti, najua. Turudi kwa dada yetu.

Soma sura yenyewe kabla ya kusoma maelezo ya watu. Ukishaisoma, isome tena. Na usilazimishe kila kitu kilingane. Kwa mfano, tarehe ya ule mganda: Mafarisayo walihesabu kuanzia kesho yake siku ya kwanza ya Mikate Isiyotiwa Chachu, na wapinzani wao walihesabu kuanzia kesho yake Sabato ya juma, yaani Jumapili siku zote. Ukifuata mpangilio wa Yohana, Bwana akifa siku ya kuchinjwa mwanakondoo wa Pasaka, hesabu zote mbili zinaangukia Jumapili ya ufufuo. Ukifuata Mathayo, Marko na Luka, akifa siku inayofuata, hesabu ya Mafarisayo inaangukia Jumamosi. Kijana mwenye akili atakuuliza. Mwambie wazi. Wala msiigize ile karamu ya Pasaka ya Kiyahudi ya siku hizi, vikombe vinne na utaratibu wake wote, mkasema ndivyo Bwana alivyokula. Sehemu kubwa ya utaratibu ule ilikua baada ya Warumi kuliharibu hekalu mwaka 70, wakati mwanakondoo hachinjwi tena.

Baragumu niliifundisha kwa robo saa na inatosha. Walawi yenyewe haisemi mengi.

Baada ya kuondolewa nilianza kufundisha sebuleni kwangu, majirani tu na watoto wao. Mwezi uliopita tumemaliza sikukuu zote saba. Kuna Waadventista wawili walikuja kwa ajili ya somo la Upatanisho, kwa kuwa kwao Oktoba 22, 1844, siku wanayoamini Kristo alianza kazi ya mwisho ya upatanisho mbinguni, ina uzito mkubwa katika fundisho hilo, na tulibishana vizuri mpaka chai ikapoa. Jioni ya Vibanda watu walikaa hadi kwenye ngazi. Yule mzee wa pale kwenye baiskeli alikuja, akakaa kiti cha mbele, akaandika kwenye daftari. Hakusema kitu kuhusu zamani, nami sikumuuliza. Aliniomba tu ile habari ya malimau niirudie.

Umeniuliza pia kama vijana wajenge kibanda cha matawi nje ya kanisa. Wajenge. Walawi 23:43 inasema sababu, vizazi vijue kwamba Israeli walikaa katika vibanda walipotolewa Misri. Kaeni humo mle viazi na chai, msome Yohana 7, mbomoe jioni. Msikiite ibada. Na kabla hamjakata tawi hata moja, omba ruhusa ya wazee, wakupe kwa maandishi.