Kabla hujasema gitaa limekufa

Jumamosi kijana wetu mpya kashika Stratocaster, gitaa la umeme la mgeni mmoja Mwitaliano hapa Malindi, kapiga kodi mbili za muziki, kasema: "Hili halina kitu." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kujidai zaidi. Haya, sikizeni wanangu.

1. Lipige kavu kwanza, bila ampu, yaani kikuza sauti. Bega la gitaa likae kifuani, usikie linavyotetema.

2. Jua ulichoshika. Stratocaster, iliyotoka 1954, nyuzi zake zina urefu unaotetema wa inchi 25.5, gitaa la Les Paul ni 24.75, ndiyo maana nyuzi zilezile kwenye Les Paul zinalegea kidoleni. Pikapu ndizo sumaku zenye koili ya waya zinazodaka mtetemo wa nyuzi; za koili moja, kama za Stratocaster, zitanguruma karibu na taa za disko. Huo si ubovu, ndiyo tabia yake. Les Paul iliwekewa koili mbili 1957 kuukata mngurumo huo.

3. Waya wa kwenda kwenye ampu. Hapa nina kidonda. Kulikuwa na kusi, na mwenye bendi kapata Les Paul kwa Mzungu anayerudi kwao. "Vipi, mzee?" akaniuliza. Nikachomeka waya wangu wa mita kumi na mbili, ule wa kuzunguka nao bwawa la kuogelea nikiwapigia wageni. Nyuzi zimeliwa na chumvi, ukizipapasa zinakuachia wekundu vidoleni. Volyumu ya gitaa nimeishusha, maana kuna watu wamelala. Sauti ikatoka kama mtu anayesema ndani ya blanketi. Nikatikisa kichwa kama tabibu. "Pikapu zimekufa, bwana. Uza."

Akauza, kwa bei ya friji ya mtumba. Wiki ya tatu aliyelinunua akaja kupiga nasi. Alichobadilisha ni nyuzi tu, na waya wake ulikuwa mita tatu. Alipoingia kwenye solo, wapishi walitoka jikoni, mmoja na kisu cha samaki mkononi. Mwenye bendi hakulitazama gitaa. Alinitazama mimi, wimbo mzima.

Waya mrefu hula sauti za juu. Ukishusha volyumu, zinapotea zaidi. Mnalijua hilo? Mimi nililijua. Nilikuwa tu nataka kuonekana mjuzi.

4. Pikapu ikikaa mbali na nyuzi, sauti hupungua. Ipandishe kwa bisibisi kwanza, hukumu baadaye.

5. Nyuzi mpya. Yule kijana kaniambia maduka yamefungwa. Nimempa seti yangu ya mwisho, na pesa yangu naitaka Ijumaa.