Mtamba wa mbegu ya lita 30 anatoa lita 8: kabla hujamlaumu mpandishaji

Mkuu, umeuliza kama uliuziwa mbegu feki, maana dume aliyetoa mbegu hiyo alisifiwa kwamba binti zake wanatoa lita 30 kwa siku na mtamba wako amegota kwenye 8. Feki zipo, sibishi. Ila mimi nimepita hapo hapo, na mbegu yangu ilikuwa halali.

Nilipata mitamba wawili wa dume mmoja, mama zao wote chotara. Mmoja nikabaki naye Muheza kwenye joto, wa pili akaenda kwa shemeji yangu Lushoto, milimani kwenye baridi. Wangu akaishia lita 9, wa shemeji akafika 16. Nikajifariji kwamba yule kavuta damu ya mama yake. Mzao wa pili majani yakanikaukia, nikampeleka wangu huko huko milimani kwa shemeji: akatoa 14. Mzao wa pili maziwa huongezeka kidogo, najua, lakini si lita tano.

Frisian, ng'ombe wa maziwa wa asili ya nchi za baridi, joto likizidi nyuzi 25 hivi anaanza kutweta na kupunguza kula. Binti wa yule dume walipimwa kwenye nchi ya baridi, pumba na mashudu hawajui kukosa. Hiyo 30 ni ya jeni zile katika banda lile.

Rangi ya Frisian, mweusi au mwekundu, kwa kiasi kikubwa huamuliwa na jeni moja. Maziwa yana jeni nyingi mno, kila moja inaongeza au kupunguza tone, halafu lishe, kupe na joto vinaingilia. Kwenye mifugo inayotunzwa vizuri, robo hadi theluthi ya tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe ndiyo hurithiwa. Nasema tofauti kati yao, maana wengi hudhani ni robo ya maziwa ya ng'ombe mmoja.

Piga hesabu. Wastani wa zizi ni lita 8, umechagua majike wa lita 12, wanazidi wastani kwa 4. Robo yake ni lita 1. Na kama dume hukumchagua, gawa kwa mbili, maana nusu ya jeni za ndama hutoka kwake: unategemea nusu lita kwa kizazi. Ndiyo maana uteuzi unataka subira. Kule Illinois, Marekani, walianza mwaka 1896 kuchagua mahindi yenye mafuta mengi. Kutoka chini ya asilimia 5 walifika karibu 20, lakini baada ya vizazi kama mia.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine. Miaka mitatu nilibakiza ndama wa jike aliyekuwa akikamuliwa zaidi, kumbe ndiye mbabe wa kihori, anawafukuza wenzake pumba. Nilikuwa nachagua ubabe! Nilipoanza kuwatenganisha wakati wa kula, aliyekuwa wa nne akawa wa kwanza. Ukisawazisha lishe, tofauti inayobaki ndiyo inayokuonyesha jeni zaidi.

Na msimdharau ng'ombe wa kienyeji. Kupe, ndigana (ugonjwa unaoletwa na kupe) na kiangazi vimemchuja vizazi na vizazi. Aliyetoa maziwa mengi kuliko mwili unavyomudu alikufa na ndama wake. Aliyebaki ni huyu wa lita mbili anayevuka Oktoba bila mashudu. Ukimletea damu ya Frisian nyingi mno, unaongeza lita na kuondoa kinga hiyo.

Sasa tuambie: uko wilaya gani, banda limeezekwa kwa nini, na mchana maji anayapata muda wote au mpaka umletee ndoo?