Kijana wa darasa la sita anayekujibu vibaya: anza na hasira yako

Habari za jioni, mwalimu mwenzangu. Umesema kijana wa darasa la sita anakujibu mbovu mbele ya wenzake, na juzi ulijikuta umeshika fimbo kabla hujafikiri. Pole sana.

Kwanza angalia ni saa ngapi hutokea. Mwanafunzi wangu mmoja, huku Bahi, Dodoma, alikuwa akilipuka vipindi vya mchana tu. Nilipomuuliza tukiwa wawili, kumbe anatoka nyumbani alfajiri bila hata uji.

Hasira ikipanda mimi naweka chaki mezani, nageukia ubao, naufuta taratibu kuanzia juu mpaka chini. Nikigeuka sauti imeshashuka. Namwambia, "Tutaongea mapumziko," na kweli naenda, tunakaa wote chini ya mti. Usibishane naye darasani. Pale naye analinda heshima yake.

Fimbo iache kabisa. Kanuni za Tanzania za adhabu ya viboko shuleni, za 2002, zinamruhusu mkuu wa shule, au aliyempa idhini kwa maandishi, viboko visivyozidi 4 na viandikwe kitabuni. Mwalimu aliyepandwa na hasira hayumo.

Ila mwanafunzi mwingine aliyekuwa akipiga wenzake sikumweza peke yangu. Nilimwita bibi anayemlea, tukakaa na mwalimu wa malezi. Wako anaishi na nani?