Mifupa ya pwani na maneno ya babu

Marehemu babu alituambia sisi ni Washirazi, uzao wa watu wa Shiraz, Uajemi. Shuleni mwalimu akasema hizo ni hekaya. Nimwamini nani? (Msomaji, Kilwa)

Kila mmoja ameshika upande wake. Mwaka 2023 watafiti, akiwamo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, walitangaza matokeo ya kusoma DNA, yaani vinasaba vya urithi, ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya 1250 na 1800: Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara. Wengi walikuwa na asili ya Afrika na ya Asia kwa pamoja, na hiyo ya Asia ilitoka zaidi Uajemi. Kuchanganya damu kulianza yapata mwaka 1000, jambo linalooana na masimulizi ya kale ya Kilwa kuhusu kufika kwa Washirazi. Asili ya Uarabuni ilizidi baada ya 1500. Babu hakuwa anaota, basi. Ila alikuhesabia ukoo kwa baba tu, kama wazee wetu wengi, na bibi zake akawaacha jikoni.

Hao wataalamu wanatofautishaje ya baba na ya mama?

DNA ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyoipa nguvu, mtoto huipata kwa mama peke yake. Kromosomu Y, kifungu cha DNA cha wanaume, baba humpa mwana wa kiume. Kwa marehemu hao wa pwani, ya mama ilikuwa ya Kiafrika karibu yote. Ya baba, mara nyingi ya Asia.

Kwa hiyo Kiswahili ni Kiarabu?

La! Maneno tumekopa mengi, lakini sarufi ni ya Kibantu. Mimi naona hapo ndipo akina mama wanaposikika: mgeni alishuka chomboni na lugha yake, wanawe wakalelewa kwa lugha ya mama yao.

Mbona Ulaya wamesoma mifupa mingi kuliko sisi?

Fedha na maabara, ndiyo, lakini pia joto: huiozesha DNA upesi. Ndiyo maana hutafutwa mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, unaoihifadhi kuliko mingine. Hata hivyo, kutoka Mlambalasi, Iringa, imesomwa DNA ya mtu aliyeishi miaka kama 18,000 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na Mshirazi, wala Mbantu, wala jahazi.