Chura hajaonekana, wamejuaje yupo?

SWALI: Mhariri mambo, mdogo wangu yuko chuo, projekti yake eti anachota maji ya bwawa tu halafu anajua vyura gani wanaishi humo na kama wanaumwa, ananipiga kamba au?

JIBU: Hakupigi kamba. Chura akiogelea anaacha ute, vipande vya ngozi, kinyesi, na humo ndo kuna DNA yake, yaani vinasaba vinavyotambulisha ni chura wa aina gani, sasa maji yanachujwa, DNA inatolewa kwenye kichujio inarudufishwa kwa PCR, njia ya maabara ya kunakili DNA mara nyingi hadi ipimike. Ufaransa walionyesha hivyo 2008, wakanasa chura vamizi wa Marekani. Hata kuvu anayeua vyura anapimika. Ila idadi yao hasa hapo usimbane sana, na abadilishe glavu kila bwawa jamani, asije akabeba DNA ya bwawa moja kwenda jingine!