Upanga wa afisa: usiupeleke kwa fundi kwanza

Mkuu, umeuliza kama upanga uliouziwa Kariakoo ni wa afisa wa Kijerumani kweli, na kama umpe fundi wa Gerezani aung'arishe. Naanza na la pili: usithubutu. Wale mafundi nawaheshimu sana, ila jiwe la kunolea likipita mara moja tu kwenye bapa, nakshi imekwenda, na hairudi tena. Nakshi ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Sasa huo Ujerumani. Unasema kikingio cha mkono ni chuma cheupe kilichotobolewa maua, katikati kuna taji na herufi G, R na V zilizosukana. Huo ni wa Mwingereza, mkuu, wa askari wa miguu, muundo wa 1897, na herufi ni za Mfalme George wa Tano aliyetawala 1910 hadi 1936. Wa afisa wa Kiprusi wa muundo wa 1889 una kikingio cha shaba chenye tai. Muuzaji kakosea hadithi, lakini upanga unaweza kuwa halisi kabisa.

Upime bapa: liwe kama sentimita 82, limenyooka. Tazama kichwa cha mpini. Kwenye panga halisi za muundo huu mkia wa bapa hupenya hadi juu ukagongwa ukalala. Ukikuta nati ya kufungua kwa spana, tia shaka. Kisha shika mpini, upitishe kidole kati ya nyaya zilizouzunguka. Kama umewahi kununua samaki aitwaye taa pale soko la samaki Feri, vile vipele vya ngozi yake utavitambua hapo hapo, maana ndiyo ngozi waliyofungia mpini. Plastiki haiwi hivyo.

Ukikuta jina la Wilkinson, kiwanda cha panga cha Uingereza, tafuta namba kwenye mgongo wa bapa karibu na kikingio. Daftari za kiwanda zipo, na mara nyingi namba humtaja mnunuzi wa kwanza. Namba hiyo naithamini kuliko mng'ao wowote.

Kwa joto letu la pwani, usiuache ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu na dawa zilizoilainisha hula chuma. Weka ala pembeni, futa bapa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na usiliguse kwa vidole vitupu, jasho lina chumvi. Tupia picha ya mgongo wa bapa tuisome hiyo namba.